Muadhini Aliyehesabu Ndara

Niseme la upumbavu kwanza, maana mama hunambia jambo la aibu likikaa sana tumboni huchacha. Ijumaa moja, kabla ya khutuba, mimi na rafiki yangu Faki tuliweka mlangoni mwa msikiti jozi tatu za ndara za watu ambao hawakuwemo msikitini, wala kijijini. Tulizipanga kwa adabu pamoja na za wenzao, kisha tukaingia, tukakaa safu ya mwisho vichwa chini kama mawalii.

Wewe wa mjini utasema, ndara tu, basi? Ndiyo maana inanibidi nikueleze Muadhini wetu.

Jina analo, lakini hata wajukuu wake humwita Muadhini, na mimi sitakuwa wa kwanza kuleta adabu mpya. Ni mzee mwembamba, mrefu, kanzu yake inaishia juu ya vifundo, na ana bakora ambayo hajawahi kuiegemea. Huibeba tu, kama anayetarajia mbwa. Kuadhini anaadhini vizuri, lakini si kwa hilo anajulikana. Anajulikana kwa wasiwasi wa Ijumaa.

Kwa madhehebu yetu sala ya Ijumaa haisimami mpaka wapatikane wanaume arubaini, waliobaleghe, wakaazi wa pale pale. Mgeni hahesabiki hata akiwa shehe mkubwa. Mtoto hahesabiki. Wanawake, ambao kwetu siku hizi ndio wengi, hawamo katika hiyo arubaini, na mama yangu ana maneno yake juu ya hilo ambayo siyaandiki hapa. Wakipungua arubaini, watu husali adhuhuri ya kila siku na kurudi makwao, na kijiji kinakuwa hakina Ijumaa. Muadhini alikuwa akisema kijiji kisicho na Ijumaa ni dago tu, kambi ya wavuvi: watu wamelala pale, lakini hawaishi pale.

Zamani, kwa mujibu wa wazee, arubaini walikuwa ni safu za mbele tu, na waliobaki walisali nje juani, juu ya majamvi ya kuanikia karafuu. Mimi hiyo zamani sikuikuta. Nilipobaleghe mimi, arubaini ilikuwa ni msikiti mzima, pamoja na babu mmoja anayelala tangu khutuba ya kwanza, na pamoja na mimi.

Sasa, Muadhini hahesabu watu. Anaamini ukimnyooshea mtu kidole na kumtia katika hesabu, unampunguza. "Ntu si nazi," husema. Kwa hiyo alikuwa akihesabu ndara. Kabla khatibu hajapanda mimbari, Muadhini alitoka nje, akainama pale mlangoni, akazipapasa jozi moja baada ya moja, kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho na anaona watu kama mtu anavyoona kupitia kioo cha taa chenye masizi. Kila jozi aliyoihesabu aliigeuza ielekee nje. Hapo alipata mawili: hairudii, na mwenyewe akitoka anatia miguu tu na kwenda zake. Watu waliipenda hiyo heshima. Mimi niliijua sababu ya kwanza, kwa hiyo heshima yenyewe nilikuwa naipunguzia.

Na alizijua. Akishika kisigino kilicholika upande mmoja, anajua ni fundi baiskeli. Akishika kamba iliyotiwa pini, ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Zangu alizijua kwa sababu nilichora ndani mpira na magoli mawili kwa kalamu ya wino, na wino ulikuwa unamganda vidoleni.

Lakini usidhani alikuwa mtu mnyoofu kama rula. Alipokuja karani wa sensa, msichana wa Wete mwenye kishkwambi na viatu vya kufunika, mimi nilikuwa barazani pake nimetumwa kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Mzee, humu ndani walilala watu wangapi usiku wa kuamkia leo?"

"Wallahi sikuwahesabu, mwanangu. Na mimi nilikuwa nimelala."

"Basi nitajie majina tu."

"Majina n'takupa. Kuhesabu utahesabu wewe, na dhambi iwe yako."

Msichana akacheka, akaandika, akaaga. Muadhini akamfuata mpaka kwenye njia, akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Hebu n'ambie, mwanangu. Wale wa nyumba ya chini, wamekutajia wanaume wangapi?"

Huyo ndiye Muadhini. Kuhesabu ni haramu, lakini jibu analitaka.

Mimi aliniandikisha nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa tunatoka skuli, kundi zima, wasichana wakiwemo, na yeye kasimama chini ya ukuta kaniwekea bakora njiani kama kizuizi cha barabara.

"Wewe, mtoto wa Mama Kombo. Hebu sema Bismillahi."

Nikasema. Ilianza sauti ya mbuzi ikamalizia sauti ya ng'ombe. Wenzangu wakaanguka kwa kicheko. Muadhini hakucheka. Alinisogelea, akanipapasa mdomo wa juu kwa kidole gumba kama mtu anayepima karafuu kama imekauka.

"Alhamdulillahi," akasema, "umekatika. Ijumaa uje mapema."

Tangu siku hiyo skuli nzima waliniita Arubaini. Faki, ambaye sauti yake ilikatika mwezi uliofuata, alijificha kwa wiki mbili, akiongea kwa ishara kila akiiona ile bakora. Hakufaulu. Mama yake ndiye aliyemchongea.

Watu walimsifu Muadhini kwa kuzuru wagonjwa, na kweli alizuru. Lakini angalia alikuwa akienda lini: Jumatano na Alkhamisi. Anaketi ukingoni mwa kitanda, anakuombea dua ndefu nzuri, kisha anakuuliza, "Na kutembea je, unatembea kidogo?" Fundi baiskeli alipoumwa na mguu, Muadhini alimpelekea uji siku mbili mfululizo, na Ijumaa akampelekea toroli. Alipofariki yule mzee aliyekuwa akituuzia mafuta ya taa, Muadhini alilia kaburini mpaka kilemba kikalowa. Nami nilikuwa namuonea huruma, mpaka alipofuta macho na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nina binamu yeyote aliyebaleghe anayetaka kuhamia kwetu.

Nilicheka hapo hapo, makaburini. Nikapigwa kofi na ami yangu. Lakini Muadhini hakuwa anatania, na nilipomtazama vizuri niliona mikono yake inatetemeka. Ilikuwa ikitetemeka hivyo kuanzia Jumatano, kila wiki, na ikitulia Ijumaa baada ya salamu ya pili.

Alikuwa na nadharia yake kuhusu watu. "Nkarafuu ukizaa, na watu huzaa," alisema. Mwaka wa mavuno kuna harusi, na baada ya harusi kuna yale yanayofuata harusi, na miaka ikienda skuli inajaa. Mimi na Faki ni watoto wa mavuno makubwa. Darasa letu tulibanana dawati moja mpaka kuandika tulipokezana viwiko. Wa nyuma yetu wakapungua. Wa nyuma yao wakapungua zaidi. Darasa la kwanza la sasa hivi mwalimu haiti majina, anatupa jicho tu, na madawati yaliyobaki wameyachafua popo.

Kwa sababu mikarafuu yetu inakufa imesimama. Inakauka kileleni kwanza, kidogo kidogo inashuka, na mti mzima unabaki mweupe kama mfupa. Miche mipya hugawiwa, lakini mche wa mkarafuu unataka miaka ya kungoja, na kijana anataka simu mwezi huu. Wanawake walikuwa na mwani. Mama amenisomesha kwa mwani tangu baba alipofariki. Sasa maji ya bahari yamekuwa ya moto, mwani unalainika na kukatika kwenye kamba kabla haujakomaa, na anachokirudisha mama kwenye gunia ni nusu ya kile alichokuwa akikirudisha nilipokuwa mdogo, na hata hicho wanunuzi hukipokea kama wanatusaidia kukibeba. "Bahari ina homa," Muadhini alisema, "na hakuna wa kuipeleka hospitali."

Basi watu wanaondoka. Hawaondoki kwa kishindo. Mmoja anakwenda Kisiwa Panza kuvua na shemeji zake, mwingine Unguja kujenga mahoteli, mwingine Bara. Muadhini alikuwa hamuulizi msafiri anakwenda wapi wala kufanya nini. Aliuliza, "Ijumaa utarudi?" Waliokwenda Chake au Mkoani kwa vibarua aliwafundisha kuondoka Jumamosi na kurudi Alkhamisi, na kwa miaka mingi wakamtii, wengine kwa dini, wengine kwa kuogopa kuulizwa.

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri kijiji kilifurika. Wanarudi na mabegi, na wake wapya, na watoto wa kimjini wanaosema "sasa je". Msikiti unajaa. Ungedhani Muadhini angefurahi. Hata kidogo. Alisimama mlangoni akimkabili kila anayeingia na swali lake moja, lile lile.

"Umekuja, au umerudi?"

Aliyejibu "nimekuja" alipewa mkono na kusahauliwa. Aliyejibu "nimerudi" alikumbatiwa, kwani kwa hesabu ya sheria, aliyefika jana kwa nia ya kukaa ni mkaazi leo. Wachache walijibu "nimerudi". Baadhi yao walidanganya ili wakumbatiwe.

Na wanawe je? Wanawe watatu wote wako mbali, mmoja Muscat, wawili Unguja, na sukari anayotia kwenye chai yake inatoka kwenye simu, yaani wao ndio wanaotuma. Siku moja barazani Faki alimwuliza, kwa adabu ya uwongo, "Muadhini, na wako mbona huwaiti warudi?"

Akamtazama kwa lile jicho lenye ukungu. "Wangu wamekwenda kutafuta," akasema. "Wenu wamekimbia."

Baraza zima likacheka, naye akanywa chai yake. Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wa sikio lake zuri, na nilimsikia akijisemea ndani ya kikombe, "Astaghfirullah."

Ujanani na yeye aliondoka. Alikaa Tanga, akabeba mizigo, akajifunza kuvaa suruali. Alinisimulia siku tuliyokuwa tunafagia msikiti, nikiwa nimeadhibiwa kwa kosa ambalo halihusiki hapa. "Nsikiti wa kule mkubwa, ntoto wewe. Unaingia, hujui safu ya mbele iko wapi. Nikaumwa, nikalala ndani Ijumaa tatu. Nilipopona nikaenda. Nikakaa pale pale pangu." Akasimama na ufagio. "Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Hata mmoja. Wiki ya pili yake nikapanda chombo nikarudi." Kisha akaniambia nifagie na chini ya mimbari, maana nimeruka.

Ndugu yangu mkubwa, Kombo, hakumdanganya Muadhini. Mwaka ambao karafuu zetu hazikujaza hata pishi, alinunua raba nyeupe, akabeba begi, akapita njia ya msikiti. Muadhini akamsimamisha. "Ijumaa utarudi?" Kombo akasema, "Hii si ya Ijumaa, Muadhini. Hii ni ya mbali." Muadhini akamwombea dua. Akamtazama mpaka akapinda kona, na bila shaka hakumwona baada ya hatua mbili, lakini alibaki amesimama akitazama.

Kombo alijenga hoteli Unguja, kisha akavuka Bara. Mwanzo alipiga simu kila Alkhamisi. Halafu Alkhamisi nyingine ikapita, na nyingine. Sasa ukimpigia anajibu yule mwanamke wa kwenye mtandao, kwamba namba haipatikani. Mama huwa anamsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho, kama vile siku moja atabadilisha maneno.

Ndara zake za nyumbani Kombo aliziacha. Ni za mpira, mkanda wa kulia ulikatika akaushona kwa uzi wa nyavu wa buluu. Mama aliziweka ndani ya kizingiti cha mlango, pua zikielekea ndani. Anaamini viatu vikielekea nje mwenyewe yuko njiani, na vikielekea ndani mwenyewe yumo. Kila anapofagia huziinua, hufagia chini yake, huzirudisha. Tumeishi hivyo. Mimi nilikuwa naziruka bila kuziona.

Sasa ile Ijumaa. Wiki ya nyuma yake khatibu alitwambia, kwa upole, kwamba watu wa ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari ulio baina yetu, wametukaribisha msikiti wao. Tukipungua arubaini, akasema, Ijumaa yetu tuifunge tuvuke kwao, tusidanganyane katika dini. Muadhini wiki hiyo hakulala. Tulimwona anapita nyumba hata zisizo na wanaume, anapiga hodi, anasalimia, anatazama mlangoni chini, anaondoka. Alkhamisi alituma salamu Kisiwa Panza, na majibu yakaja kwamba samaki wametoka na hakuna atakayeacha chombo.

Usinipambe kwamba nilitaka kuokoa kijiji. Ni Faki aliyesema, "Yakhe, tumtilie za wasiokuwepo, tuone kama atashika," na mimi nikaona ni jambo la kuchekesha kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Mama alikuwa pwani kwenye mwani. Nikachukua za Kombo. Faki akachukua za baba yake, ambaye yuko Tanga kwa mke wa pili. Jozi ya tatu tuliiokota ufukweni, na zote mbili zilikuwa za kushoto, kwa sababu bahari haina tabia ya kuleta jozi. Hapo ndipo tulipocheka zaidi.

Nilikaa karibu na dirisha. Nilimwona Muadhini akitoka, akiinama, akipapasa, akigeuza. Alipozifikia za baba yake Faki alisita, akaendelea. Akazishika za Kombo. Kidole kikapita juu ya mkanda, kikafika kwenye ule uzi wa nyavu, kikasimama. Akaurudia. Akachutama kabisa, mzee ambaye magoti yake hulia, akaishika ile ndara kwa mikono miwili. Faki alikuwa ananibana mbavu. Mimi kicheko kilikuwa kimenikwama mahali.

Kisha akazishika zile za kushoto. Akaishika moja. Akaishika ya pili. Akakaa hivyo muda. Halafu akazigeuza zielekee nje, akasimama, akafuta mikono kwenye kanzu, akaingia na kumtikisia khatibu kichwa. Arubaini.

Adhana ya pili aliyoitoa siku ile watu waliizungumza. Sauti ilikuwa inapanda kama ya kijana. Yule babu wa kulala aliamka. Na mimi pale nyuma nilikuwa natamani mtu yeyote, hata shetani, aingie mlangoni tufike watu wa kweli.

Baada ya sala wakatoka, kila mtu akatia miguu kwenye ndara zake zilizomngoja, wakatawanyika. Ukitoa zangu na zake mwenyewe, zikabaki jozi tatu. Faki alinyakua zake, akapitia upande wa birika, nikasikia miguu yake ikikimbia. Muadhini alikuja mlangoni, akaziona kwa vidole. Akageuka ndani.

"Kombo," akaita, kwa sauti ya kumwamsha mtoto. "Kombo, mwanangu. Watu washatoka. Njoo basi nikuone."

Akapita nyuma ya kila nguzo akigusa kwa bakora. Alipofika safu ya mwisho akanikuta mimi.

"Nani huyu?"

"Mimi, Muadhini. Arubaini."

"Nduguyo yuko wapi?"

"Hakuja. Tulizileta sisi. Ilikuwa mzaha."

Alikaa chini. Sikuwahi kumwona akikaa bila kutafuta mkeka kwanza. "Wangapi?"

"Watatu."

"Na huyo wa kushoto mbili?"

"Hayupo. Zile ni za ufukweni."

"Nilimshika," akasema. "Kushoto na kushoto. Nikajiambia, labda kavaa kwa haraka. Ntu wa umri wangu, nikajiambia hivyo. Wewe ulifanya mzaha. Mimi nilifanya uongo. Tusichanganye." Kisha akainua uso. "Mama yako anajua kama umezitoa?"

"Hajui. Yuko pwani."

"Pwani gani tena? Maji yanajaa. Wanawake walipita hapa njiani wakati wa khutuba, nilisikia magunia yao."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama alikuwa mmoja wao. Ndara za Kombo zilikuwa mlangoni, zimeelekea nje, upande wa njia, na uzi wa buluu juani unaonekana kutoka mbali. Nikaruka niondoke. Bakora ikanizuia kifuani.

"Kwanza deni la Mungu," akasema. "Kisha la mama yako."

Akaenda kwenye kipaza sauti. Nilidhani atanitaja, na nilikuwa tayari kutajwa. "Enyi jamaa," akasema, na kijiji kizima kikamsikia mpaka kwenye mikoko. "Ijumaa yetu ya leo haikusimama. Hesabu ilikosewa. Aliyeikosea ni muadhini. Rudini tusali adhuhuri."

Wakarudi, wengine wakitafuna. Tulisali rakaa nne, na zote nne nilizisali nikiiona nyumba yetu. Khatibu alipotoa salamu aligeuka, akasema kwa sauti ya chini kwamba wiki ijayo, inshaallah, tutavuka hori mapema kabla maji hayajajaa. Muadhini akasema, "Inshaallah." Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kutetemeka.

Ndara za Kombo hakunipa nizibebe. Alizishika yeye, akaweka bakora kwapani, tukaenda. Njia nzima alisema neno moja tu, tulipopita nyumba ya fundi baiskeli: "Nilikuwa nimeshaliandaa swali. Amekuja, au amerudi."

Harufu tuliikuta njiani kabla ya kuifika nyumba. Vitunguu, bizari, kuku. Ua ulikuwa umefagiwa. Gunia la mwani limetupwa mlangoni halijafunguliwa, maji yanachuruzika. Mama kavaa kanga zake za sikukuu, na miguu yake bado ina mchanga na chumvi, hakupata nafasi ya kuiosha. Kuku alimchinja mwenyewe. Kwetu mwanamke hufanya hivyo akikosa mwanamume wa kumchinjia, na siku hizi hukosa mara nyingi. Naye alikuwa jogoo wetu wa pekee.

Hakunitazama. Alitazama nyuma yangu, kisha nyuma ya Muadhini, kisha njiani.

"Kapitia kwa nani huko?" akauliza. "Mwambieni chakula kinakaribia kuiva."

"Mama Kombo," alisema Muadhini. Akanyoosha mikono miwili yenye zile ndara, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Nilikosea hesabu."

Mama akazitazama ndara. Akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameshaelewa yote, mpaka cheko langu. Nilingoja kofi. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Akatoa kuni moja chini ya sufuria, akaipiga chini mpaka ikazima. Muadhini alibaki amesimama na mikono yake mbele, hajui aishushe wapi.

Kisha mama akasema hivi, siongezi wala sipunguzi:

"Kuku keshachinjwa, Muadhini, hatumrudishii roho. Kaa ule. Na wewe mpumbavu wangu, chukua ndara za nduguyo uzirudishe pale pale zilipokuwa, na zielekee ndani."